Paa la Kukunjwa Linavuja? Usianze Kulaumu Kitambaa

"Kitambaa kimechoka, badilisha paa zima." Mwenye gari la paa la kukunjwa husikia hivyo kila anapolalamika kuwa kiti kimelowa, na ndiyo dhana inayomgharimu kuliko zote. Paa la kitambaa huwa na matabaka matatu: juu kitambaa kigumu cha akriliki au poliesta, chini bitana, na katikati tabaka jembamba la mpira wa butili. Anayezuia maji hasa ni huyo mpira wa katikati. Kama haujachanika (na mara nyingi huchanika penye mikunjo), kitambaa chenyewe hakina kosa. Maji hupita pembeni: kwenye raba zinazoziba kingo za vioo na paa, kwenye mishono, kwenye ukingo wa kioo cha nyuma, na kwenye mirija iliyoziba.

Dhana ya pili ni kwamba maji yameingilia pale yanapodondokea. Hapana. Tone likishapenya huteleza juu ya vyuma vya fremu au nyuma ya bitana, likaja kuanguka mbali kabisa na tundu lake. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta njia. Mmoja akae ndani na tochi, madirisha na milango ikiwa imefungwa. Mwingine amwage maji taratibu kwa mpira wa bomba usiofungwa kichwa cha kunyunyizia. Anzeni chini ya kioo cha mlango, mpande kidogo kidogo, kila sehemu ipewe dakika kadhaa. Mkianzia juu, maji yatashuka na kulowesha kila kitu, na hamtajua lipi ni lipi. Raba nayo hupimwa kwa karatasi: ibane kati ya raba na kioo, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hapo pana mwanya.

Tukija kwenye sakafu iliyolowa, wengi huangalia juu kumbe tatizo liko nyuma ya viti. Watengenezaji wanajua kuwa maji kiasi yatateremka sehemu ya nyuma ya paa, ndiyo maana wameweka mfereji wa kuyakusanya na mirija ya kuyapeleka chini ya gari. Majani na vumbi vikijaa humo, maji hufurika na kuingia ndani. Kwenye Mazda MX-5 ni ugonjwa unaojulikana: matundu yaliyo karibu na mikanda ya usalama huziba, kapeti hulowa, na kutu huanza kula bodi chini ya milango kutokea ndani. Kwenye Porsche Boxster za mwanzo mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kifaa kinachosimamia alamu na kuzuia wizi kimewekwa chini ya kiti. Kikiloa, gari linaweza kugoma kuwaka, na mwenyewe akahangaika na betri asijue kuwa chanzo ni majani.

Nimewaona mafundi wakizibua mirija hiyo kwa waya mgumu au upepo wa kompresa. Sishauri. Waya hutoboa mrija, upepo mkali huuchomoa, na tangu hapo maji yanamwagika ndani ya bodi. Tumia uzi mnene wa nailoni au brashi nyembamba inayopinda, kisha mimina maji kidogo na uchungulie kama yanatoka chini.

"Paka silikoni." Silikoni ya kuzibia mabafu, ile yenye harufu ya siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Mabaki yake pia hukataa gundi na rangi, kwa hiyo fundi atakayefuata atakulaani kimyakimya. Mshono unaovuja unataka dawa maalumu ya mishono, ipakwe nyembamba kwa brashi. Grisi ya silikoni ni kitu kingine, na hiyo inafaa kulainisha raba baada ya kuisafisha. Mafuta ya petroli na jamii yake yaepuke; huvimbisha raba na kuilegeza.

Dawa ya kupuliza ya kuzuia maji? Husaidia kitambaa kisibaki na unyevu na kisiote ukungu. Tundu haizibi.

Raba mpya nazo si dawa ya kila kitu. Katika magari mengi ya aina hii, kioo hushuka kidogo unapofungua mlango na kupanda tena ukiufunga, ili kiingie ndani ya raba. Betri ikichomolewa, baadhi ya magari husahau mpangilio huo, na kioo hubaki chini kwa milimita chache. Kitabu cha gari hueleza jinsi ya kulikumbusha. Mara nyingi ni kushikilia tu swichi ya kupandishia kioo. Jaribu hilo kwanza.

Vilevile usihukumu paa kwa mashine ya kuoshea ya presha. Inaweza kusukuma maji hadi yapite hata kwenye raba isiyo na kasoro, na ikizoeleka huchosha mishono.

Ukishaziba, usidanganywe na kapeti iliyokauka juu. Sponji iliyo chini yake hukaa na maji kwa majuma, na harufu ya ukungu hutoka huko. Inua kapeti hadi uone chuma, kausha pande zote mbili, ndipo uirudishe.