Mkate wa wagomaji: sandwichi za Marekani machoni pa mwoka mikate

Kazi yangu ni kuoka mikate, na nikitajiwa sandwichi ya mji wowote wa Marekani, huuliza kwanza imetiwa kwenye mkate gani. Habari za nyama baadaye. Nyama unaweza kuihamisha jimbo hadi jimbo, ila mkate wa mahali ni mkaidi kuhama.

Anza na New Orleans. Mwaka 1929 wafanyakazi wa tramu waligoma. Ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, waliowahi kufanya kazi kwenye tramu kabla ya kufungua mkahawa wao, wakaahidi kuwalisha wagomaji bure. Husimuliwa kwamba mgomaji akitokea mlangoni, mle ndani waliambiana, "Maskini mwingine huyo," na ndipo likazaliwa jina la sandwichi ya po' boy, yaani "kijana maskini". Wasimulizi wengi huishia hapo, wakairuka sehemu tamu kuliko zote. Boflo za Kifaransa za wakati ule zilichongoka ncha, hivyo anayepewa kipande cha mwisho alipunjika. Akina Martin wakamwendea mwoka mikate John Gendusa, naye akawatengenezea mkate wa urefu wa kama mita moja, upana uleule toka ncha hadi ncha. Mbele ya foleni ya watu wenye njaa, tena ambao wamegoma kwa kuhisi wanaonewa, vipande vilivyolingana ni amani.

Mkate huo una ganda jembamba linalopasuka ukiligusa, na ndani mwepesi kama pamba. Hujazwa kamba au chaza wa kukaanga, au nyama ya ng'ombe iliyolowa mchuzi wake. Muuzaji atakuuliza kama sandwichi ivishwe nguo, maana yake itiwe letusi, nyanya, achari na mayonezi. Jaribu kutumia boflo lenye ganda gumu uone: ukiuma tu, chaza wote wanachomokea upande wa pili.

Mji huohuo, Wasisilia walileta mkate wa duara, mzito, wenye ufuta juu. Huo ndio wa sandwichi ya muffuletta, inayohusishwa na Salvatore Lupo na duka la Central Grocery, lililofunguliwa mwaka 1906. Ndani mna salami, nyama ya paja la nguruwe, jibini na kachumbari ya zeituni. (Kitimoto imejaa humo, kwa hiyo asiyekula aulize mapema.) Mkate hunywa mafuta ya zeituni taratibu, na mimi naipenda zaidi ikiwa imekaa kidogo.

Chicago kuna mtihani mwingine. Nyama ya ng'ombe hukatwa nyembamba kama karatasi, hupashwa kwenye mchuzi, kisha ukitaka, sandwichi nzima huchovywa humo. Mkate wa po' boy ungegeuka uji. Wanatumia mkate wa Kiitaliano wenye mshikamano, na hata hivyo walaji hupanua miguu na kuegemeza viwiko kaunta ili shati lipone.

Buffalo, mji wa jimbo la New York, wao wanapaka juu ya mkate wa duara chumvi ya mawe na kisibiti, urithi wa Wajerumani. Kiu inayofuata huwafaa sana wenye baa.

Ya Philadelphia naiacha leo. Ugomvi wake wa jibini gani itumike unahitaji siku nzima.

Kwa moyo wangu, ushindi ni wa Tampa. Huko Ybor City, mtaa wa Tampa, Wakuba, Wahispania na Waitaliano walifanya kazi pamoja katika viwanda vya sigara nene (cigar), na sandwichi ya Kikuba ya Tampa hutiwa salami, jambo ambalo watu wa Miami hawalikubali. Wabishane wao. Mimi natazama mgongo wa mkate: kabla ya kuoka, jani bichi la palmetto, mmea wa jamii ya minazi, hulazwa juu ya donge, na kwenye mstari huo ganda hupasuka lenyewe. Nimejaribu kuiga kwa wembe. Mpasuo unatokea, ila umenyooka mno, kama mshono wa cherehani.