Limao ni la samaki: maswali na majibu kuhusu kung'arisha meno

Ninatibu kinywa na meno mjini Arusha. Kila ikifika Oktoba mpaka Desemba, msimu wa kipaimara, sendofu na harusi, benchi la nje hujaa watu wa aina mbili: wanaotaka meno yawe meupe, na wasioweza kunywa maji ya baridi kwa sababu walishayafanya meupe wenyewe jikoni. Hawa wa pili ndio walionifanya niandike. Maswali haya huulizwa kitini, mengine kwa simu, na moja niliulizwa ndani ya daladala.

Kung'arisha meno si ndiko kusafishwa meno?

Hapana. Kusafisha ni kuondoa kilichoganda juu ya jino: ugaga, madoa ya chai na kahawa, sigara, mirungi. Rangi ya jino lenyewe haiguswi. Kung'arisha ni kubadili rangi ya jino kwa dawa. Wengi wanaokuja kuomba hili la pili wanahitaji lile la kwanza tu. Ugaga ukishatoka, wanajitazama kwenye kioo, wanacheka, wanaondoka, na hela ya dawa imebaki mfukoni.

Hiyo dawa inafanyaje kazi?

Jino lina tabaka mbili za kukumbuka hapa. Juu kuna enameli, ngumu kuliko mfupa, na inapitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, na dentini kwa asili ina umanjano. Rangi unayoiona kwenye kioo ni ule umanjano ukichungulia kupitia enameli. Kwa hiyo jino zima lenye afya halikuumbwa jeupe kama karatasi, hata kama watu wa kwenye simu wanayo ya namna hiyo.

Dawa ni haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo ikilowa hutoa hiyo hiyo: kabamaidi ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5. Inapenya enameli mpaka kwenye dentini, na oksijeni yake huzivunjavunja chembe zenye rangi zikawa vipande vidogo visivyoonekana. Umeona? Hakuna kukwangua wala kuchubua. Kinachoondoka ni rangi, jino linabaki. Lishike hilo, maana tunakwenda kwenye limao.

Limao na ule unga wa soda wa kuumulia maandazi, je? Nilijaribu, na kwa kweli yaling'aa.

Yaling'aa, sikubishii. Ila ujue kilichong'aa ni nini.

Ukali wa asidi hupimwa kwa pH. Namba ikishuka kwa moja, ukali umezidi mara kumi. Enameli huanza kuyeyuka kinywa kikifika pH ya 5.5 hivi. Maji ya limao yako kati ya 2 na 3. Ukiyapaka, uso wa jino unaliwa, unakauka, unapata weupe kama wa chaki. Weupe huo ndio uliopiga nao picha. Baada ya siku mbili tatu mate yakishalilowesha jino, umepotea, nawe unakata limao jingine. Kila ukirudia enameli inapungua, na chini ya enameli kuna nini? Dentini ya manjano. Unasugua ili yawe meupe, kumbe unaufunua umanjano.

Na enameli haioti tena. Ukucha ukikatika huota. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli haioti, kwa sababu seli zilizoitengeneza huwa zimekwisha kufa jino linapochomoza kwenye fizi. Sina dawa ya kuirudisha, na yeyote anayekuuzia ya kuirudisha anakuuzia maneno.

Ukitaka kuamini, chukua yai bichi, lizamishe kwenye glasi ya maji ya limao, uliache mpaka kesho yake. Utalikuta limetoka mapovu na ganda limelainika, linabonyea kwa kidole. Ganda la yai na enameli si kitu kimoja, lakini vyote vimejengwa kwa kalisiamu na vyote huliwa na asidi. Huo unga wa soda peke yake si mkali sana. Ubaya wake hapa ni kwamba unasuguliwa juu ya jino ambalo limao limeshalilainisha.

Mimi natumia mara moja tu kwa wiki.

Mara moja kwa wiki ni mara 52 kwa mwaka. Haioti tena.

Siki ya tufaha ni ya asili, haina kemikali.

Nayo ni asidi. Limao nalo ni la asili, limetoka mtini. Haioti tena.

Meno yakianza kuingia ganzi, si ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi?

Hapana. Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu mtu anayeamini hivyo hawezi kuacha. Anapopaswa kukimbia, yeye ndiyo anaongeza.

Alikuja binti mmoja, umri wa miaka ishirini na kidogo, mwezi wa saba, na anayeijua Arusha anajua maji ya bomba ya asubuhi mwezi wa saba yalivyo. Alikaa kitini ameziba mdomo kwa khanga kwa sababu hata hewa ya kupumua ilikuwa inamchoma. Meno ya mbele, ncha zake zilikuwa zimekonda, unaona giza la kinywani kupitia kwake kama kupitia kioo. Magego juu yalikuwa na vishimo vya mviringo, kijiti changu cha kupimia kikasimama ndani yake. Nikamuuliza ganzi ilianza lini. Akasema mwezi wa pili. Na tangu mwezi wa pili? "Waliniambia nivumilie, ndiyo inaingia." Waliomwambia ni wenzake wa kundi la kwenye simu, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika jino la mtu.

Angekuja mwezi ule wa pili ningemwambia aache, ningempaka vanishi ya floraidi, madini ya kukinga meno, tungeachana hapo. Alipokuja baada ya miezi mitano ilibidi kuyafunika meno sita kwa kujazia, na kujazia huko kutahitaji kukarabatiwa maisha yake yote.

Kwa hiyo nasema tena: ganzi inayoletwa na limao, siki, au dawa ya kufulia nguo (ndiyo, wapo) ni jino linalia. Acha siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi, usingoje harusi ipite. Njoo.

Peroksaidi iliyotolewa na daktari nayo huweza kuleta ganzi. Hii huwa ya muda: unaruka siku moja au mbili, inatulia, na tiba ikiisha inaisha ndani ya siku chache. Lakini hata hapo ganzi si kipimo cha dawa kufanya kazi. Wapo wanaong'aa bila kusikia chochote.

Mkaa je? Bibi yangu alisugulia mkaa na amekufa na meno yake yote.

Bibi yako hakunywa soda kila siku, shikamoo yake. Mkaa huondoa madoa ya juu kwa kukwaruza, rangi ya ndani haufiki. Ukiwa na chenga unachora jino, na vumbi lake hujificha kwenye ukingo wa fizi na pembeni mwa meno yaliyozibwa, likaacha mstari mweusi ambao mimi ndiye ninayekuja kuuhangaikia. Mchanga na jivu ni hadithi hiyo hiyo.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, huku chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Nisugue na nini?

Usisugue na chochote. Rangi hiyo haipo juu ya jino, imo ndani ya enameli, na si uchafu. Waliokucheka shuleni kwamba hupigi mswaki hawakujua wanachosema.

Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na vijito huku kwetu vinavyopita hapo kwa mbali. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, takriban mpaka miaka minane, enameli inatoka na mabaka meupe, ya kahawia, au vishimo. Magadi ya kulainishia makande na maharage nayo yana floraidi, hasa yanayotoka upande wa Ziwa Natron, kwa hiyo mama unayechanganya maji hayo na magadi hayo unamwongezea mtoto mara mbili. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Kinachosaidia ni maji ya chanzo kingine, ya mvua kwa mfano, au chujio la mkaa wa mifupa kama wanalolishughulikia kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto.

Kwako wewe ambaye meno yameshaota, zipo njia. Kahawia hafifu huweza kupungua kwa peroksaidi, ingawa mabaka meupe huonekana zaidi siku za mwanzo kabla rangi haijasawazika. Mabaka ya juu juu daktari huyaondoa kwa kusugua tabaka jembamba sana la enameli kwa asidi maalumu na unga wa mawe, mara moja, fizi zikiwa zimekingwa, na anajua asimame wapi. Yenye vishimo hufunikwa kwa kujazia au kwa gamba la kubandika. Tafadhali msiniambie "kumbe na nyinyi mnatumia asidi". Na daktari wa upasuaji anatumia kisu.

Dawa ya meno yenye floraidi usiiogope, wewe mtu mzima. Meno yakishaota hayawezi tena kupata mabaka hayo, na ndiyo inayokukinga yasitoboke. Ni mtoto mdogo anayewekewa kidogo, chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, na kusimamiwa asimeze.

Jino langu moja la mbele limekuwa jeusi, mengine yako sawa.

Uliwahi kuanguka au kupigwa? Kwa kawaida jibu ni ndiyo, mpira, baiskeli, ngumi, hata miaka mingi nyuma. Jino moja linalogeuka rangi peke yake mara nyingi limekufa ndani. Hilo linataka picha ya eksirei na huenda matibabu ya mzizi, kisha ndipo rangi yake isahihishwe kwa dawa inayowekwa ndani ya jino lenyewe. Ukilipakia dawa kwa nje unapamba jipu.

Dada yangu yuko Ulaya, anataka kunitumia vibandiko vya kung'arisha meno.

Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012 bidhaa anayouziwa mtu moja kwa moja haizidishi haidrojeni peroksaidi asilimia 0.1, kiasi ambacho hakifanyi kitu cha kuonekana. Kuanzia hapo mpaka asilimia 6 hupewa kupitia daktari wa meno, na si kwa aliye chini ya miaka 18. Marekani vibandiko vyenye nguvu zaidi huuzwa dukani wazi. Vikiwa vya kweli na ukafuata maelezo, kwa meno yasiyotoboka, sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni vile vya mtandaoni visivyoandikwa vina nini, na pia wanaonunua peroksaidi ya kuoshea vidonda duka la dawa na kuchanganya kwenye kikombe.

Saluni wana taa ya bluu.

Kazi inafanywa na jeli, taa huongeza kidogo sana. Cha kuuliza ni jeli ina asilimia ngapi na fizi zako zitakingwa na nini. Dawa kali, ya asilimia 35 hivi, ikigusa fizi inaunguza, inaacha ukoko mweupe. Anayesuka nywele vizuri ni fundi wa nywele.

Nani asing'arishe kabisa kwa sasa?

Mjamzito na anayenyonyesha, wasubiri. Mwenye meno yaliyotoboka au fizi zinazotoka damu, atibiwe kwanza. Aliyezibwa au kuvikwa meno ya mbele ajue kuwa plastiki na kauri hazibadiliki rangi. Meno ya pembeni yatang'aa, lile litabaki lilivyo, na atakuja kuniuliza kwa nini. Akitaka kulizibua na kuliziba upya lifanane, asubiri kama wiki mbili baada ya kumaliza dawa, vinginevyo kujazia hakushiki vizuri.

Harusi yangu ni Jumamosi ijayo. Nifanye nini?

Umechelewa, bibi harusi. Njia ninayoipenda ni vikasha vya plastiki vilivyopimwa kwa meno yako, unaweka jeli ya kabamaidi ya asilimia 10 usiku, na huchukua kama wiki mbili. Lakini kwa Jumamosi tunaweza kutoa ugaga na madoa kwa kikao kimoja, na hilo peke yake litaonekana kwenye picha. Rangi ya mdomo chagua nyekundu iliyoegemea zambarau, ukiacha ya machungwa, meno yataonekana meupe zaidi. Njoo kesho asubuhi, na hilo limao ulilokwisha kata, lipeleke kwenye samaki.