Kilifi hadi Mahé kwa tanga: fikiria upepo kabla ya kununua vifaa

Kazi yangu ni kuandaa yoti za watu kwa safari za mbali. Wengi wanaonijia hapa Kilifi wameshazoea kwenda pwani-pwani, Lamu, Watamu, Pemba, Unguja, na sasa wanataka kuvuka. Wanaovuka kwa mara ya kwanza mara nyingi hutaja Mahé, Ushelisheli. Huja na orodha ya vifaa: rada, betri, paneli za sola, simu ya satelaiti. Mimi huanza kwa kuuliza kama wameshakata tiketi ya ndege ya kurudia. Nikijibiwa ndiyo, nawaomba waifute hiyo tiketi kwanza, ndipo tuzungumze mengine.

Si mzaha. Watu wengi ninaowajua waliopata taabu kwenye safari yao ya kwanza walitoka siku isiyo yao kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupokewa, likizo inayokwisha, au ndege inayosubiri ng'ambo.

Kutoka Mombasa hadi Mahé ni takriban maili 950 za bahari, karibu mashariki moja kwa moja. Yoti ya mita 12 yenye mwendo wa wastani wa noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, hukata maili 120 kwa siku, kwa hiyo kwenye karatasi ni siku nane. Sasa weka upepo kwenye hiyo karatasi. Kusi, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, huvuma kutoka kusini-mashariki. Unaelekea mashariki, kwa hiyo upepo unakujia mbele kwa upande, mawimbi yanapiga bega la chombo mchana kutwa na usiku kucha, na mkondo unakusukuma urudi ulikotoka au ukupeleke kaskazini. Chombo kinaweza kuvumilia. Binadamu aliye ndani, ambaye hajawahi kulala baharini usiku mmoja, ndiye anayevunjika. Siku nane zinakuwa kumi na mbili, na kila kitu ulichopakia kwa hesabu ya nane kinaanza kukutazama.

Njia hiyohiyo ukiigeuza, kutoka Mahé kuja Kilifi wakati wa kusi, ni raha tupu: upepo uko ubavuni na mkondo unakusaidia. Ndiyo maana yoti nyingi za wageni huonekana kwetu miezi hiyo. Ukisikia mtu akisema "mbona wenzetu walivuka kwa wiki moja tu", muulize walikuwa wanatoka wapi kwenda wapi.

Kwa anayekwenda Mahé mara ya kwanza, mimi hupendelea kaskazi iliyokwisha kutulia, Januari hadi Machi mwanzoni. Hapa kwetu upepo unatoka kaskazini-mashariki, mwepesi kuliko kusi. Unapozidi kwenda mashariki unageuka kidogo kidogo, kiasi kwamba Ushelisheli wenyewe miezi hiyo hupata upepo wa kaskazini-magharibi. Yaani siku za mwanzo unabana tanga, za mwisho unaliachia. Na msimu huo, kusini kidogo mwa ikweta, kuna mkondo unaokwenda mashariki. Ukiupata, unakupa maili za bure. Ubaya wake ni shwari. Kuna siku utakaa juu ya maji yaliyolala kama kioo, matanga yanapiga mlingoti, na hapo dizeli ndiyo itakayosema. Tangambili, ile miezi ya kati pepo zinapobadilishana, shwari huzidi na mvua za ghafla huzidi pia.

Utaniuliza: si Januari hadi Machi ndiyo miezi ya vimbunga? Ndiyo, kusini zaidi. Mahé iko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini, na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida havikaribii ikweta hivyo. Lakini visiwa vya Ushelisheli vya kusini kabisa haviko salama. Farquhar ilipigwa vibaya na kimbunga Fantala Aprili 2016. Kwa hiyo Mahé ndiyo, na kuteremka Madagaska msimu huo hapana. Wala tusijidanganye kwamba kwetu hakufiki kitu. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangamiza meli za Sultani Barghash pamoja na mikarafuu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Utabiri wa hali ya hewa ni wa kusoma kila siku kwa wiki mbili kabla ya kutoka, hadi uzoee mwenendo wake. Kuusoma asubuhi ya safari tu hakutoshi.

Wazee wa majahazi waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi hawakuwa na haya ya kukaa bandarini miezi wakingoja. Sisi wiki moja ya kungoja tunaiona hasara.

Sasa chombo chenyewe. Mambo ni mengi, lakini yapo mawili ambayo safari za pwani-pwani huwa hazikuonyeshi hata ukizifanya miaka.

La kwanza ni tangi la dizeli. Tangi likitulia, uchafu hulala chini: maji, kutu, na ile lojo nyeusi inayoota dizeli ikikaa juu ya maji. Ndani ya hori la Kilifi mashine itanguruma vizuri na hutajua lolote. Ukifika bahari kuu chombo kinaanza kuruka, lojo yote inapanda, inaingia kwenye bomba la kunyonya mafuta, filta inaziba, mashine inazima. Na itazima kwenye mawimbi, kwa kuwa mawimbi ndiyo yaliyoikoroga. Kipimo changu ni rahisi. Chukua pampu ya mkono yenye mpira mwembamba, fikisha ncha ya mpira chini kabisa ya tangi, kwenye kona iliyo chini zaidi, unyonye nusu lita. Mimina kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha. Asubuhi dizeli safi inaonekana kama chai ya rangi iliyochujwa, unaona upande wa pili. Ukiona mstari, chini yake maji, na kwenye huo mstari kitu cheusi kinachoning'inia kikinesanesa ukiitikisa chupa, basi tangi lifunguliwe, likaushwe na kusuguliwa kwa mkono. Dawa ya kumwagia ndani haitoshi. Inakiua hicho kitu tu, na kikishakufa bado kinaziba filta.

Ukimaliza, beba filta nyingi kuliko unavyodhani, kisha fanya zoezi: badilisha filta na utoe hewa kwenye mafuta ukiwa umefunga nanga, usiku, kwa taa ya kichwani. Kama mwenye chombo hawezi na anamtegemea fundi wa bandarini, safari bado.

La pili ni waya zinazoshika mlingoti. Ukitazama kutoka chini zote zinang'aa. Panda juu na kipande cha pamba, uipitishe taratibu kwenye kila waya, hasa pale waya unapoingia kwenye kiungo chake juu na chini. Uzi mmoja uliokatika hauonekani kwa jicho, lakini pamba inanasa. Ikinasa, waya huo nautoa, siujadili. Mteja ananiambia, "Fundi, ni uzi mmoja tu kati ya kumi na tisa." Huo mmoja umekatika kwenye safari za Watamu. Wale kumi na wanane nao wamefanya kazi ileile kwa miaka ileile.

Vifaa vya kujiokolea nitavipitia haraka, kwa kuwa kanuni ni moja: tazama tarehe, wala usitazame kasha. Mteja wangu mmoja aliuziwa boti ya kujiokolea, ile ya kujijaza hewa, na duka moja ambalo silitaji. Kasha lilikuwa jeupe, linametameta. Tulipoipeleka kukaguliwa na kujazwa, mishono iliachia mbele ya macho yetu. Kifaa cha dharura cha EPIRB, kinachopeleka ishara ya 406 MHz kwenye satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ni lazima kisajiliwe kwa jina lako, chombo chako na simu ya ndugu aliye nchi kavu. Ukikinunua mkononi kwa mtu bila kubadilisha usajili, siku ukikibonyeza waokoaji watampigia mwenyewe wa zamani, ambaye yuko kwake anakunywa kahawa. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini. Weka namba zake ukutani karibu na redio, na umpe pia huyo ndugu yako wa nchi kavu, pamoja na siku ya kuanza kuwa na wasiwasi. Iwe siku ya mbali. Usimwambie "tutafika Jumatano", mwambie "msipotusikia hadi Jumatano ya pili yake, pigeni".

Sasa tuje kwa watu, ambao ndio sehemu ngumu.

Kulewa bahari kutawapata karibu wote siku mbili tatu za mwanzo, hata anayejisifu. Dawa za kuzuia kutapika, kama cinnarizine au promethazine, humezwa usiku wa kabla ya kutoka. Ukingoja hadi tumbo lianze kupinduka, kidonge kitatoka kilivyoingia. Zinaleta usingizi, kwa hiyo zijaribuni nchi kavu kwanza, na mwenye maradhi mengine amuulize daktari wake. Tangawizi husaidia wengine. Wali mkavu, biskuti na uji mwepesi vinakaa tumboni, samaki wa kukaanga hapana. Chakula cha siku tatu za kwanza kipikwe nyumbani, kwa sababu hakuna atakayetaka kuinamia jiko. Anayetapika hatakiwi kukimbilia pembeni: apewe ndoo, akae pale alipo amejifunga mkanda.

Huo mkanda ndio sheria pekee ninayoikazania kwa ukali. Usiku hakuna anayetoka juu bila kujifunga kwenye chombo, na hakuna anayekwenda omo, mbele ya chombo, bila kumwamsha mwenzake, hata kama ni kufungua kamba iliyonasa tu. Wanaume wanaokojoa wakiwa wamesimama pembeni mwa chombo, naomba mniwie radhi: itumike ndoo. Aliyeanguka usiku kwenye mawimbi ya mita mbili, kichwa chake kinapotea machoni baada ya muda mfupi sana.

Kwa watu wawili, zamu za saa tatu tatu usiku zinatosha. Usiku wa kwanza na wa pili hamtalala hata mkiwa na nafasi, kwa kuwa chombo kina kelele ambazo hamjazizoea. Usiku wa tatu mwili unakubali. Aliye zamu ainuke atazame upeo mzima kila dakika kumi hivi. Meli inayokwenda noti 20 hukata maili 5 kwa dakika 15, na wewe umekaa chini karibu na maji, huioni mbali. Saa ya jikoni yenye kengele, ya kuvaa shingoni, ni kifaa cha bei ndogo ninachokipenda kuliko rada. AIS, kifaa kinachopokea kwa redio ishara za meli zinazotangaza mahali zilipo, itakuonyesha meli kubwa. Vyombo vingi vya uvuvi haitakuonyesha.

Maji ya kunywa na kupikia hesabu lita nne kwa mtu kwa siku, zidisha kwa siku mara mbili ya zile za kwenye karatasi, na usiyaweke yote kwenye tangi moja. Tangi likipasuka au maji ya chumvi yakiingia, madumu yaliyofungwa pembeni ndiyo yatakayokufikisha. Mashine ya kusafisha maji ya bahari ni nzuri kwa kuogea, ila usiiweke kwenye hesabu.

Sokoni nunua mayai ambayo hayajaoshwa wala kuwekwa kwenye friji, yageuze kila siku mbili. Viazi na vitunguu vikae mbalimbali. Maboga, ndimu, nazi kavu, achari na dagaa havikuangushi. Ndizi mkungu mmoja usinunue wote wa kuiva pamoja, mtazila siku moja na kutupa siku ya pili. Makasha ya kadibodi yabaki gatini: mayai ya mende yamo ndani yake.

Kabla ya kutoka Kenya pitia Mombasa upate hati ya kuondoka kutoka forodha na uhamiaji, maana Ushelisheli wataitaka. Cheti cha homa ya manjano kila mmoja awe nacho. Tangu Julai 2016 kinatambulika maisha yote, hata kile cha zamani.

Na mwisho wa njia una mtego wake. Takriban maili 120 kabla ya Mahé, njia ya moja kwa moja inapita kaskazini kidogo tu mwa visiwa vya Amirante, vya matumbawe, vilivyolala karibu sawa na maji. Hapo utakuwa umechoka, unanusa nchi kavu, na mkondo umekuchezea kwa zaidi ya wiki. Mimi huchora njia ipite maili 40 kaskazini yake, ingawa inarefusha safari kidogo. Mahé yenyewe ni milima, utaiona mapema. Ukiona utafika usiku, punguza tanga nje usubiri kuche. Kisha pandisha bendera ya manjano, waite bandari ya Victoria kwa redio, nenda moja kwa moja huko bila kutia nanga kisiwa kingine chochote, na asishuke mtu hadi maofisa wapande.