Elkader, Iowa: Dhana Potofu Kuhusu Mji wa Bondeni

Jimbo la Iowa limekaa katikati ya mito miwili mikubwa, Mississippi upande wa mashariki na Missouri upande wa magharibi, na mtu anayelisikia likitajwa hukimbilia kuwaza mahindi yaliyopandwa mpaka macho yanapokoma. Elkader ni mji mdogo ulio katika kona ya kaskazini-mashariki ya jimbo hilo, nao ndio makao makuu ya Kaunti ya Clayton. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 1,209. Ingawa ni mdogo kiasi hicho, umezungukwa na dhana potofu nyingi kuhusu ardhi yake na watu wake, na baadhi ya dhana hizo husambazwa na watu wanaoipenda sana sehemu hiyo.

Dhana: Iowa yote ni tambarare

Tambarare ile ya kwenye picha ipo kweli, hasa katikati na kaskazini ya jimbo, ambako ulimi wa mwisho wa barafu nene ya enzi za barafu uliteremka hadi pale ulipo leo mji wa Des Moines, yapata miaka 14,000 iliyopita, ukasawazisha ardhi na kuacha udongo mzito wenye rutuba. Barafu hiyo haikufika Clayton. Huko mito imepata muda mrefu wa kuchimba mawe ya chokaa, na matokeo yake ni vilima vyenye miteremko mikali, mabonde membamba, mapango na chemchemi. Elkader wenyewe uko chini bondeni, kando ya Mto Turkey, ambao umepewa jina la bata mzinga na wala hauhusiani na nchi ya Uturuki. Ukienda mashariki katika kaunti hiyohiyo unafika kwenye hifadhi ya Pikes Peak, karibu na mji wa McGregor, ambako mwamba unasimama takriban mita 150 juu ya Mississippi, ukitazamana na mahali Mto Wisconsin unapoingia. Ni hapo ambapo wavumbuzi Wafaransa Marquette na Jolliet waliingia katika mto huo mkubwa mwezi Juni 1673.

Lakini wanaosahihisha dhana hii nao huanzisha nyingine. Wengi husema kwamba sehemu hii haikuguswa na barafu kamwe. Maelezo hayo yanazifaa sehemu za jimbo jirani la Wisconsin. Upande wa Iowa ulifunikwa na barafu za kale, zaidi ya miaka 500,000 iliyopita, kisha mmomonyoko ukafuta karibu alama zake zote. Kilichoikosa Clayton ni barafu za baadaye tu.

Sura hiyo ya nchi inaonekana hata barabarani. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1785, sehemu kubwa ya maeneo haya ya Marekani ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, yaani ekari 640, na kwa kawaida barabara za mashambani hufuata mistari hiyo zikiwa zimenyooka kama uzi. Katika Kaunti ya Clayton mpima ardhi alichora miraba ileile, lakini mjenzi wa barabara alishindwa kuifuata, akalazimika kupita juu ya migongo ya vilima na kushuka penye nafasi. Mashamba mengi hulimwa kwa matuta yanayoizunguka miteremko, na malisho ya ng'ombe wa maziwa yana nafasi ambayo kwingineko Iowa ingechukuliwa na mahindi na soya.

Dhana: Maji ya chemchemi ni safi kwa sababu yamechujwa na mwamba

Dhana hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ina madhara. Mchanga huchuja maji. Mwamba wa chokaa wenye nyufa hauchuji kitu. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Clayton, sehemu ya maji huingia katika mashimo ya kudidimia, ambayo ni kama vibakuli vilivyozama katikati ya shamba, kisha husafiri katika njia za chini ya ardhi na kutokea bondeni, wakati mwingine baada ya muda mfupi sana. Chochote kilichokuwa juu ya shamba, iwe mbolea, samadi au dawa ya kuua magugu, husafiri pamoja nayo.

Karibu na Elkader ipo Big Spring, chemchemi kubwa kuliko zote za maji baridi katika Iowa, ambayo maji yake hulisha kituo cha kuzalishia samaki aina ya trauti. Tangu mwaka 1981 wataalamu walilichunguza bonde linaloilisha chemchemi hiyo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 267. Walichagua mahali hapo kwa sababu iliyo rahisi kuelewa: maji ya bonde zima hutokea katika tundu moja, kwa hiyo anayepima tundu hilo anapima bonde lote. Walibaini kwamba kiasi cha naitreti, yaani chumvi yenye nitrojeni, ndani ya maji kilikuwa kimepanda kwa miongo kadhaa sambamba na ongezeko la mbolea za nitrojeni mashambani. Maji yale ni baridi na yanang'aa, na mtu akiyaona hawezi kudhani kwamba yamebeba mbolea.

Dhana: Bondeni huwa na joto kuliko juu

Aliyezoea kwamba baridi iko mlimani atashangaa. Tarehe 3 Februari 1996 kipimajoto cha Elkader kilisoma nyuzi 44 za Selsiasi chini ya sifuri, kikaifikia rekodi ya baridi kali kuliko zote ya jimbo, iliyowekwa katika mji wa Washta mwaka 1912. Miji iliyo kaskazini zaidi, katika nyanda za wazi, haikupata rekodi hiyo. Usiku ukiwa mtulivu, mbingu ikiwa wazi na theluji ikiwa imetanda chini, hewa baridi huwa nzito, huteleza kwenye miteremko kama maji na kujikusanya bondeni, na Elkader uko palepale inapojikusanya.

Wakati wa kiangazi yako maajabu mengine. Katika baadhi ya miteremko ya eneo hili hewa baridi hutoka kwenye nyufa za mwamba hata mwezi Julai, kwa sababu ndani yake kuna barafu iliyobaki tangu majira ya baridi. Kwenye miteremko hiyo anaishi konokono asiyefikia sentimita moja, masalia ya enzi za barafu, ambaye alijulikana kwanza kwa visukuku na kudhaniwa kuwa alikwisha kutoweka, mpaka alipopatikana akiwa hai katika karne ya 20.

Dhana: Jina la mji linatokana na mnyama

Karibu na Elkader kuna kijiji kiitwacho Elkport na kijito kiitwacho Elk, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba majina yote matatu yanatokana na elk, yule kulungu mkubwa wa Marekani. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea majina kama Abdulkadir, pengine ameshaupata ukweli kabla sijausema. Mji ulipopimwa mwaka 1846, waanzilishi wake waliupa jina la Amiri Abd al-Qadir wa Algeria, ambaye tangu mwaka 1832 alikuwa akiongoza vita dhidi ya Wafaransa, na habari zake zilikuwa zikisomwa magazetini mpaka huko.

Hapa pia pana makosa mawili yanayofuatana. La kwanza ni kudhani kwamba waanzilishi walikuwa Waarabu au Waislamu. Hawakuwa, walikuwa Wamarekani waliovutiwa na mtu anayepigana na dola kubwa. La pili ni kusema kwamba walimheshimu kwa kuwaokoa maelfu ya Wakristo mjini Damascus. Tendo hilo ni la kweli, lakini lilitokea mwaka 1860, miaka 14 baada ya mji kupata jina lake. Mwaka 1846 Amiri alikuwa bado vitani. Alijisalimisha Desemba 1847. Elkader una udugu rasmi na mji wa Mascara, Algeria, tangu mwaka 1984.

Dhana: Walowezi waliikuta nchi tupu

Kaskazini-mashariki mwa kaunti, ukingoni mwa Mississippi, ipo hifadhi ya taifa ya Effigy Mounds, iliyoanzishwa mwaka 1949, yenye vilima vya udongo zaidi ya 200 vilivyojengwa kwa mikono ya wenyeji wa kale. Baadhi vina umbo la ndege, vingine la dubu. Dubu mmoja ana urefu wa takriban mita 42 kutoka kichwa hadi mkia. Sehemu ya kusini ya kaunti iliingia mikononi mwa serikali ya Marekani mwaka 1832, baada ya wenyeji wake, Wasauk na Wameskwaki, kushindwa katika vita vilivyopewa jina la kiongozi wao, Black Hawk. Kwa hiyo, Elkader ulipopimwa, nchi hiyo ilikuwa na miaka 14 tu tangu itwaliwe kutoka kwa wenyewe.

Dhana: Wote ni wakulima, na watu wameanza kupungua juzi tu

Kwanza, anayekaa ndani ya mpaka wa mji kwa kawaida si mkulima. Mkulima anakaa shambani na huhesabiwa nje ya mji. Elkader, ukiwa makao makuu ya kaunti, una mahakama, shule, hospitali na maduka, na kazi za namna hiyo ndizo zinazowaweka watu mjini. Kwa hiyo 1,209 ni idadi ya wanaolala mjini, ilhali wanaoutegemea ni wengi zaidi, wakiwa wametawanyika katika kaunti yenye watu 17,043, sawa na takriban watu 8 kwa kila kilomita ya mraba.

Kuhusu kupungua, kati ya mwaka 1900 na 1910 Iowa lilikuwa jimbo pekee la Marekani lililopoteza watu, kutoka 2,231,853 hadi 2,224,771. Mwaka 1900 jimbo lilikuwa na mashamba zaidi ya 200,000. Mwaka 2022 yalibaki yapatayo 87,000, kila moja likiwa na wastani wa ekari 345. Mashine moja ikifanya kazi ya familia kumi, familia tisa hutafuta pa kwenda, na hilo lilianza kabla ya babu wa vijana wa leo kuzaliwa. Elkader wenyewe uliporomoka kwa mwendo usio sawa: watu 1,465 mwaka 2000, kisha 1,273 mwaka 2010, kisha 1,209. Pengo kubwa limo katika muongo wa kwanza, na kwa maoni yangu pengo hilo lisisomwe bila kukumbuka kwamba Juni 2008 Mto Turkey ulifurika na kuingia katika nyumba za ukingoni.

Dhana: Vijiji hufa kwa ukosefu wa kazi tu

Elkport, uliotajwa hapo juu, uko chini kidogo ya Elkader, jirani na mahali Mto Volga unapoingia katika Turkey. Mwaka 2000 ulikuwa na watu 88. Mei 2004 maji yalivunja tuta la kuukinga, serikali ikanunua nyumba zilizoharibika, na mwaka 2006 zikabomolewa. Sensa ya 2010 iliwakuta watu 37, wengi wao wakiwa kwenye viwanja vilivyo juu kuliko mto.