Amoksi haiko fufu, mama

Juzi tena mu farmasi yangu, siku moja watu wawili. Wa kwanza mama moja wa Kadutu, mutaa ya Bukavu, anafika na kikombe mu mukono, ndani mayi meupe kama yenye wameoshea muchele, chini kumebaki unga. "Dokta, angalia, hii amoksi yako ni unga ya fufu, nimefungula jelule nikaitia mu mayi tangu asubui, haiyeyuki." Amoksi ni amoksisilini, antibiotiki, na jelule ni kale kakopo ka dawa kenye unga ndani. Wa pili alikuja na video ya mambo ile ile. Nimechoka. Naandika mara moja, mwenye ataleta kikombe ingine namutumia linki.

Amoksisilini ya kweli kabisa haipendi mayi sana. Mililita moja ya mayi inabeba miligramu 4 hivi, basi. Jelule ya miligramu 500 inaomba karibu mililita 125 ili iyeyuke yote, na kikombe ya mama ilikuwa na mayi ya vidole viwili. Hesabu inakataa! Tia vijiko kumi na tano vya chumvi mu kikombe kadogo ka mayi, ingine itabakia chini, utaenda kugombana na mwenye duka? Tena mu jelule kunakuwaka stearati ya magnesiamu, wanaitiaka juu unga usishikane na mashini, na yenyewe haiyeyuki hata ungoje Noeli.

Mwili haiko kikombe. Kuna joto ya 37, tumbo inakoroga, ikishuka mu utumbo ile yenye imeshayeyuka inaingia mu damu, inaachia ingine nafasi, nayo inayeyuka, hivyo hivyo, kama vile unakunywa chai na mutu anakuongezea mayi moto pole pole. Saa 1 ao 2 kisha kumeza iko juu kabisa mu damu.

Sasa hapa njo panaponiuma: kupasuka na kuyeyuka haiko kitu kimoja. Komprime ikivunjika vipande mu glasi, imepasuka tu. Kuyeyuka ni pale dawa yenyewe inapotelea mu mayi, na hiyo macho haionaki. Ile amoksi ya watoto ya miligramu 250, ya kukoroga mu kijiko ya mayi, inapaswa kupasuka mu dakika 3, waliitengeneza kwa ile kazi, na watu wakiiona wanasema "njo orijinali hii". Ayi! Hata komprime ya chaki na unga wa mahindi inaweza kupasuka muzuri sana, juu amido, ni kusema ule unga wa mahindi, yenyewe njo tunatiaka mu komprime ili ipasuke. Feki inaweza kushinda mutihani yako ya glasi na dawa ya kweli ikaanguka.

Antibiotiki zingine mbio mbio. Eritro (eritromisini) yenye koti, usiponde, asidi ya tumbo inaiharibu, koti iko ya kuikinga mpaka ifike mu utumbo mudogo. Mu laboratwari wanaiacha masaa 2 mu asidi, ikipasuka mule wanaikatala. Doksi (doksisiklini), glasi nzima ya mayi, na usilale palepale, ikikwama mu koo inachoma. Sipro (siprofloksasini) na maziwa, hapana, kalsiamu inaishika.

"Basi dokta, unajuaka aje kama haiko feki?" Hapo sina jibu ya kupendeza. Mu farmasi yangu kuna rafu, friji na kalkuleta, mashini ya kupima hakuna. Naangalia namba ya lot, tarehe, bwati, na mutu aliyeniuzia. Jelule yenye iko na nusu ya dawa, macho yangu haitaiona. Na mutu akisema ya fabriki fulani inamusaidia kuliko ingine, zamani nilikuwa namucheka, leo sicheki tena, juu fabriki mbili zinaweza kutia miligramu sawa, moja ikafinya komprime nguvu sana, ikachelewa kuyeyuka.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hii ya kikombe nampatia baba yao ao namwanga?" Nikamuambia amwange. Ilikuwa imeshafika saa saba, na baba yao alikuwa hajapata dozi ya asubui.