Kabla sijakufungia matairi makubwa

Juzi asubuhi kijana mmoja anayeendesha watalii aliingia gerejini kwangu hapa Unga Limited, Arusha, na Land Cruiser ndefu, ile ya viti saba na paa la kufunguka.

"Shikamoo fundi. Nataka unifungie yale makubwa, mbili themanini na tano. Wenzangu wote wameshafunga."

Nikamwitikia, nikampa benchi akae, nikachukua chaki na futi. Tuliinuka pale saa sita mchana. Naandika hapa yale tuliyozungumza, maana kila masika ikikaribia naulizwa swali hili karibu kila siku, na wengi wanakuja wakati matairi yameshanunuliwa na yako kwenye buti.

Tulianza na ubavu wa tairi lake. Umeandikwa 265/70R16. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. Hiyo 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya ule upana, yaani milimita 185.5. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, kila inchi ikiwa milimita 25.4. Ubavu uko juu ya rimu na uko chini yake, kwa hiyo uzidishe mara mbili kisha jumlisha rimu. Tairi lake lina kimo cha milimita 777. Nikamwambia afanye hesabu hiyohiyo kwa 285/75R16 anayoitaka. Akapata 834. Tofauti ni milimita 57, karibu sentimita sita.

Akafurahi. Ndipo nikamchorea ekseli sakafuni. Ekseli imekaa katikati ya gurudumu. Tairi likiongezeka milimita 57, nusu ya nyongeza inakwenda juu ya ekseli, na nusu tu inabaki chini kuinua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kutoka ardhini. Milimita 28. Hazifiki upana wa vidole viwili. Wala usidhani springi ndefu zitakuongezea hapo: springi zinainua bodi na chasisi, lakini kwenye ekseli nzima kama ya Land Cruiser difu inabaki palepale, kwa sababu kinachoibeba ni tairi peke yake.

Sizibezi hizo milimita 28. Mtu aliyewahi kukwama Ndutu mwezi wa nne, difu imelala juu ya tuta la katikati ya njia na magurudumu yote manne yanazunguka hewani, anajua zina thamani gani. Ninachotaka ni mteja ajue anazilipia nini.

La kwanza ni nguvu. Tairi la 834 ni kubwa kuliko la 777 kwa asilimia 7 na kidogo. Kila mzunguko mmoja wa ekseli sasa unasogeza gari mbali zaidi, na injini inaona kama umeibadilishia gia. Difu yenye uwiano wa 4.1 inafanya kazi kama yenye 3.8. Gari la yule kijana lina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama 2,300, na huko hewa ina uzito wa takriban asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hiyo hewa nyepesi ilivyo. Ongeza abiria, mizigo, maji, friji na spea mbili, halafu umnyime asilimia 7 ya gia zake. Dereva atapanda toka geti la Loduare akiwa gia ya pili mahali alipozoea ya tatu, na klachi ndiyo itakayolia. Dawa kamili ni kubadilisha meno ya difu, mbele na nyuma. Ni kazi nzuri nikipata vipuri halisi, lakini gharama yake inazidi ya matairi yenyewe, na wateja wengi wakiisikia wananyamaza.

La pili ni breki, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Breki inashika kwenye diski, karibu na kitovu cha gurudumu. Tairi linashika ardhi mbali na kitovu. Ukiirefusha hiyo nafasi kwa asilimia 7, nguvu ya breki inayofika ardhini inapungua kwa kadiri hiyohiyo kwa mkanyago uleule. Juu ya hapo tairi kubwa ni zito, mara nyingi kilo tano hadi nane zaidi kwa kila moja, na uzito huo uko nje kabisa ya gurudumu, ambako ni vigumu zaidi kuusimamisha. Sasa fikiria barabara ya Seneto inayoshuka kretani. Ni mteremko wa karibu mita 600, na unaushuka ukiwa umejaza watu. Zile gia zilizokuwa zikikusaidia kuzuia gari nazo zimelegea kwa asilimia 7. Ninayemfungia makubwa namwambia waziwazi: Seneto unaishuka na gia nzito ya 4x4, ya kwanza au ya pili, tangu juu kabisa, wala usisubiri kunusa harufu ya breki. Na silifungi tairi kubwa kwenye gari ambalo pedi zimebaki nyembamba au mafuta ya breki yamekuwa meusi. Hapo tutakosana, lakini sifungi.

Spidomita nitaipitia haraka. Inahesabu mizunguko, haijui umebadilisha tairi. Ikisoma 50, wewe uko 53 na zaidi. Barabara ya Arusha kwenda Moshi unaijua, vibao vya 50 vimepangana na askari wa tochi hawana habari na ukubwa wa tairi lako. Kweli magari mengi yanatoka kiwandani yakisoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, lakini hicho kiasi usikitegemee. Pima kwa simu yenye ramani. Kilometa nazo zinapungua: ukitembea 80 halisi, dashibodi itakuandikia kama 75. Wengi hunilalamikia kwamba mafuta yameanza kuliwa. Kweli yanaongezeka, lakini sehemu ya ongezeko hilo ni hesabu tu ya kilometa ambazo gari halikuziandika. Zidisha kwa 1.07 ndipo ugawanye kwa lita. Na ratiba ya kumwaga oili irekebishe vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye kusugua.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga 285/75R16 kwenye gari kama la huyu kijana. Nilikagua likiwa tupu, juu ya sakafu ya saruji. Nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, vidole vyangu vikapita vizuri kati ya tairi na bampa. Nikaridhika, nikamkabidhi mwenyewe. Baada ya siku nne akarudi. Kona ya nyuma ya madigadi ya mbele kushoto ilikuwa imekunjamana, plastiki ya ndani haipo, na tairi jipya limechunwa kashata za pembeni, vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi, mzunguko mzima. Alikuwa amebeba abiria, akavuka korongo kwa mshazari, gurudumu la kushoto likasukumwa juu mpaka springi ikafika mwisho, na wakati huohuo alikuwa amekata usukani kukwepa jiwe. Yale matengenezo niliyabeba mimi, maana kosa lilikuwa la kipimo changu. Tairi lililopita salama kwenye saruji linaweza kugonga gari likiwa limebeba, limejipinda na limekata kona, yote matatu kwa pamoja. Lile korongo lilikuwa limempa yote kwa mara moja.

Tangu siku ile nyuma ya gereji nina kichuguu cha udongo cha nusu mita na viroba kumi na viwili vya mchanga, kilo 50 kila kimoja. Gari linapakiwa viroba, gurudumu la mbele la upande mmoja linapanda kichuguu, la nyuma la upande wa pili linapanda magogo, kisha nakata usukani pole pole huku msaidizi amelala chini na tochi. Napaka chaki kila mahali panapoweza kuguswa: nyuma ya bampa, kona ya madigadi, mkono unaoshikilia ekseli ya mbele, chasisi, kizuia tope. Chaki ikifutika nimepata jibu. Na bomba la mpira la breki naliangalia kwa macho yangu mwenyewe, pande zote mbili: upande uliobanwa lisiguswe na tairi, upande unaoning'inia lisivutike. Gari lililoinuliwa kwa springi mara nyingi linahitaji bomba refu zaidi, na watu wanasahau kabisa.

Linapogusa kidogo tu kwenye mkono wa ekseli, kuna boliti ndogo inayozuia gurudumu lisikate kupita kiasi. Ukiitoa nje kidogo tairi linakaa mbali. Utalipa kwa kona pana, na dereva anayegeuza gari kwenye vichochoro vya Kijenge atakukumbuka. Njia nyingine ni rimu inayotoa tairi nje zaidi. Hiyo naiogopa: inaliepusha tairi na chasisi na kulipeleka kwenye madigadi, beringi zinabeba mzigo kwa mshazari, na usukani unaanza kuvuta kila unapokanyaga shimo. Hizi spesa za bei rahisi zinazobandikwa nyuma ya rimu sizifungi kwenye gari linalobeba watu. Upana wa rimu nao uangalie. Tairi la 285 linataka rimu ya inchi 7.5 kwenda juu. Nimeletewa watu wanaotaka lipandishwe kwenye rimu nyembamba za zamani za inchi 5.5, zilizotengenezwa kwa 7.50R16, tairi linavimba katikati kama andazi na kulika katikati tu.

Kijana akaniuliza, "Sasa fundi, nifunge nini?"

Nilimwambia ninachokiamini: 235/85R16. Piga hesabu, kimo chake ni milimita 806, nyongeza ya asilimia 3.7 tu juu ya aliyonayo, na difu inapanda milimita 14. Akaona ni kidogo. Lakini ni jembamba. Halifiki kwenye mkono wa ekseli, halifiki kwenye chasisi, na kwenye rimu zake za inchi 7 linakaa bila shida. Kwenye tope jeusi la mbuga (wazee wetu neno mbuga walilitumia kwa udongo huu hasa, kabla halijawa la wanyama) tairi jembamba refu linakata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini, ambapo pana linaelea na kuteleza. Kwenye mchanga mkavu ndipo pana linashinda, na mchanga wa namna hiyo hauko mwingi katika safari zake. Magari ya kazi ya nchi hii yametembea kwa 7.50R16 miaka na miaka, na kimo chake ni karibu hichohicho.

Zaidi ya ukubwa, pesa iende kwenye ubavu. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka ina mawe ya volkano yenye makali, na mawe hayo hayatoboi tairi kwa chini, yanalipasua ubavuni, mahali ambapo kiraka hakikai. Tafuta lililoandikwa LT, yaani tairi la magari ya mizigo midogo, lenye namba ya mzigo 116 au zaidi. 116 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,250. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Nimeona matairi yanayong'aa dukani kashata zote zikiwepo, kumbe yana miaka tisa na mpira umeshakauka. Ukilikunja kwa mikono unaona nyufa ndogo ubavuni.

Na spea ziwe za ukubwa uleule, zote mbili. Mtu anabadilisha manne, anaacha spea za zamani ili aokoe pesa. Akipata pancha porini, akafunga dogo upande mmoja wa ekseli, difu inaanza kuzunguka bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka. Akiwa na Prado au gari lolote ambalo 4x4 yake haizimwi, hata difu ya katikati nayo inateseka. Tairi kubwa mlango wa nyuma nalo ni zito. Bawaba za mlango nizikaze kwanza.

Upepo hatukuubishania. Tairi la LT lina ubavu mgumu, na kwa mzigo uleule mara nyingi linataka upepo zaidi ya lile la zamani, kwa hiyo usifuate kibandiko cha mlangoni peke yake. Chora mstari wa chaki kukatisha kashata zote, endesha mita mia moja barabara iliyonyooka ukiwa umepakia, shuka utazame. Chaki imefutika katikati tu, punguza. Imefutika pembeni tu, ongeza. Kwenye tope unaweza kushuka hadi psi 20, lakini uwe na pampu garini, na ukifika lami jaza kabla ya kushika mwendo.

Mwishowe alikubali. Tulifunga sita, tukafanya balansi na alaimenti, tukapandisha gari kichuguuni na viroba vyake, chaki haikufutika popote. Baada ya kilometa mia atarudi nikaze nati tena. Kabla hajaondoka nilibandika karatasi ndogo juu ya spidomita yake: 48 ni 50, 77 ni 80.