Negativu ya karatasi si picha iliyogeuzwa rangi

Siku hizi anayebonyeza kitufe cha kugeuza rangi kwenye simu, mbingu ikaiva nyeusi na meno yakawa kama mkaa, anaandika chini yake "negativu ya karatasi". Mwingine ana kamera kubwa kweli, ya mvukuto na miguu mitatu, kapiga kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, kaichapa vizuri, naye anaiita jina lilelile kwa kuwa alichoshika mkononi ni karatasi. Huyu wa pili ananiudhi zaidi, maana ana vifaa vyote.

Maana yenyewe ni fupi. Negativu ya karatasi ni karatasi ya picha, ileile ya kuchapia, iliyowekwa ndani ya kamera mahali pa filamu, ikapigwa mwanga, ikasafishwa kwa dawa, ikatoa sura ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi. Penye jua pameiva peusi, penye kivuli pamebaki peupe. Picha ya kawaida hutolewa kutoka kwenye hiyo. Basi.

Vurugu inatokana na bahasha za studio. Tuliokulia enzi za mikanda ya milimita 35 tulipeleka mkanda kusafishwa, tukarudishiwa picha pamoja na vipande vya plastiki ya kahawia, tukaambiwa tusivipoteze. Plastiki ile tukaiita negativu, na hadi leo wengi wanadhani negativu ni jina la plastiki. Sivyo. Filamu ni kitu, negativu ni kazi. Ni kama muhuri wa mpira: maandishi yake yako kinyume ili yakigongwa yasomeke. Filamu ya slaidi ni filamu kamili, na ukiisafisha kwa dawa zake haikuachii negativu yoyote. Kioo nacho kiliwahi kuwa negativu, kwa miaka mingi tu.

Na kabla ya kioo na plastiki ilikuwapo karatasi. Mwingereza William Henry Fox Talbot, Agosti 1835, alinasa dirisha la nyumba yake ya Lacock Abbey kwenye kipande cha karatasi kisichozidi sana stempu ya barua. Mwaka 1841 akasajili hataza ya kalotipi: karatasi nzuri ya kuandikia, imepakwa chumvi za fedha, inapigwa, inasafishwa, kisha inapakwa nta ili mwanga upenye vizuri wakati wa kuchapa. Negativu moja, nakala nyingi. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Mshindani wake Mfaransa, Louis Daguerre, aliyetangaza njia yake mwaka 1839, alipata sura kali kuliko ya Talbot juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, lakini kila bamba lilikuwa picha pekee. Miongoni mwa picha za mapema kabisa za pwani yetu ya Afrika Mashariki ni zile za msafara wa Charles Guillain, nahodha Mfaransa, miaka ya 1846 hadi 1848, nazo ni mabamba ya aina hiyo. Hakuna negativu zake popote, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer akaleta kolodioni, utando wa majimaji ya kunata, juu ya kioo, safi bila nyuzi za karatasi, na studio za karne ile zikahamia huko.

Wanaoirudia karatasi leo wengi wanasukumwa na bei. Filamu ya inchi 8 kwa 10 ni ghali kiasi cha kumtetemesha mtu mkono anapofyatua, karatasi ni nafuu sana, na unaweza kuikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu huku ukiitazama sura inavyojitokeza. Ila ni nzito kwa mwanga. Wengi huihesabu kuwa na ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga, kati ya 3 na 6, kwa hiyo jua la mchana kwa f/22, tundu dogo la lenzi, litakudai kati ya theluthi moja na theluthi mbili za sekunde. Ukali wake wa weusi na weupe pia ni taabu, ndiyo maana watu huipa karatasi mwanga hafifu sana kabla ya kupiga, au hupunguza nguvu ya dawa kwa maji.

Kinachomfichua mwenye simu ni rangi. Karatasi ya picha haioni nyekundu kabisa, ndiyo maana taa ile haiidhuru. Inaona buluu, na zile ambazo ukali wake unaweza kubadilishwa wakati wa kuchapa zinaona kijani pia. Mbingu ya buluu kwayo ni mwanga mtupu, na mawingu mara nyingi hupotelea humo. Kanga nyekundu itaishia karibu nyeusi kwenye picha ya mwisho. Ngozi yetu nayo inanyonya buluu, hivyo uso hutoka mweusi kuliko ulivyo usipoongeza muda wa mwanga. Kwa hiyo nikionyeshwa "negativu ya karatasi" ambayo ukiigeuza unapata kanga nyekundu ya kijivu cha wastani na mawingu yote yamesimama mahali pake, najua hakuna karatasi iliyohusika hapo.

Wapiga picha wa mitaani wa Afghanistan waliijua tabia hii vizuri. Kamera yao, kamra-e-faoree, ni sanduku la mbao ambalo chumba cha giza kimo humo humo ndani. Mteja anapigwa kwenye karatasi, inasafishwa sandukuni, kisha negativu hiyo yenye unyevu inasimamishwa mbele ya lenzi na kupigwa tena kwenye karatasi nyingine, ikatoka picha ya kitambulisho. Aliyetaka uso mweupe kidogo alipakwa dawa nyekundu ya vidonda juu ya negativu. Karatasi ya pili haikuiona ile nyekundu, ikaichukua kama giza, na uso ukatoka mweupe. Jaribu kuliita hilo kitufe.

Kuna pia karatasi ya kisasa inayotoa chanya moja kwa moja: unapiga, unasafisha, penye mwanga panatoka peupe. Imepita ndani ya kamera, imesafishwa kwa dawa, na bado si negativu. Lakini aliyepiga kwenye karatasi ya kawaida, akaisoma kwa skana na kuigeuza kwenye kompyuta badala ya kuichapa, huyo yuko sawa. Negativu anayo, kairuka hatua ya chumba cha giza tu.

Basi ndugu yangu wa simu, iandike "picha iliyogeuzwa rangi", inapendeza vilevile. Na wewe mwenye mvukuto, ile uliyotuonyesha ni picha, na nzuri. Negativu yake ni filamu uliyoiacha kwenye droo.